Ndugu zake hawafanani naye: ni chotara?

*Daktari, nilinunua mtoto wa German Shepherd. Sasa ana miezi minne, manyoya yake ni marefu kuliko ya ndugu zake na sikio moja limelala. Jirani anasema nimeuziwa chotara. Je, ni kweli? – Msomaji, Arusha*

Pole kwa wasiwasi, lakini dalili hizo hazithibitishi uchotara. Manyoya marefu hutokana na kinasaba kinachoweza kujificha: baba na mama wenye manyoya mafupi wakiwa nacho wote wawili, baadhi ya watoto huzaliwa na manyoya marefu. Rangi nayo hubadilika kadiri mbwa anavyokua. Kuhusu sikio, katika umri huu meno yanabadilika, na sikio lililosimama jana laweza kulala leo. Masikio mengi husimama kabisa kufikia miezi sita au saba. Usilikande wala kulivuta.

Mwombe muuzaji vyeti vya usajili vya wazazi, na ukiweza ukawaone. Mchane mbwa wako kila siku mbili, hasa nyuma ya masikio, manyoya yasisokotane. Akijikuna sana, akinyonyoka au sikio likitoa harufu, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Vinginevyo, mlee kwa amani: ndugu wa tumbo moja si lazima wafanane.