SOMO LETU: GOGO LA ZEGE

Leo tujifunze juu ya gogo ambalo mchwa hawaliwezi.

Huko Alamo Heights, katika jimbo la Texas, Marekani, kipo kibanda cha kusubiria basi. Ukikitazama utasema kimejengwa kwa magogo. Magome yapo, mafundo yapo. Hebu kigonge. Kumbe ni zege!

Aliyekijenga ni Dionicio Rodríguez, fundi aliyezaliwa Mexico mwaka 1891. Mwaka 1933 alijenga pia madaraja na viti vya namna hiyo katika bustani ya Old Mill, jimbo la Arkansas.

Alifanyaje kazi? Kwanza alifunga nondo na waya, akapata umbo la gogo. Kisha aliweka zege. Mwisho alipaka saruji laini, na kabla haijakauka alichora magome kwa uma, kijiko na vifaa alivyojitengenezea.

Nondo za nini? Zege likibanwa hustahimili, lakini likivutwa hupasuka. Chuma ndicho huzuia mvuto huo. Joseph Monier, mtunza bustani wa Ufaransa, alitia chuma katika vyungu vikubwa vya saruji vya kupandia miti. Mwaka 1867 serikali ilimpa hati ya kulinda uvumbuzi wake.

Sasa sikilizeni. Rodríguez alichanganya rangi zake kwa siri, mbali na macho ya wasaidizi. Pengine aliogopa kunyang'anywa riziki. Alifariki mwaka 1955, na siri ya rangi akaenda nayo. Lakini kazi ya kuchora magome haikufa, kwa sababu Máximo Cortés, aliyefanya kazi naye, alimfundisha mwanawe Carlos.

Na sisi je? Vijijini mwetu wapo wafinyanzi, wahunzi na wachonga mizinga. Wengi ni wazee, na vipimo vyote viko kichwani. Wewe uliyejua kuandika, mwendee babu au bibi huyo na daftari. Muulize: udongo gani? Kiasi gani? Moto wa muda gani? Akikataa usimlaumu, maana siri hiyo ndiyo shamba lake. Mwambie daftari litakaa nyumbani kwake, lisomwe na wajukuu zake.

Maswali
1. Kwa nini nondo huwekwa ndani ya zege?
2. Magome ya saruji huchorwa wakati gani?
3. Taja fundi mmoja wa kijijini kwako. Ujuzi wake umeandikwa wapi?