Jiwe la Mugere na Jina la Siku



Mwaka jana nilipewa kazi ya kuandika tangazo la ziara yetu ya Mugere, kwenye lile jiwe lililo juu kidogo ya barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge, lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Nikaandika kwa herufi kubwa: SIKU YA WAVUMBUZI. Nilipofika nyumbani Rumonge nikamwonyesha babu, aliyevua ndagala maisha yake yote.

"Walivumbua nini, mjukuu wangu?"

"Ziwa, babu."

"Na sisi tulikuwa tunavua wapi?"

Nilikosa jibu, nikarudi kusoma.

Kumbe wenzetu ng'ambo ya Atlantiki wanagombania jambo hilohilo. Columbus alifika visiwa vya Bahamas tarehe 12 Oktoba 1492. (Januari 2 mwaka huohuo Granada, dola ya mwisho ya Waislamu Hispania, ilikabidhiwa kwa wafalme walewale waliomtuma.) Hispania siku hiyo ni Sikukuu ya Taifa. Marekani ni Siku ya Columbus, Jumatatu ya pili ya Oktoba, na wahamiaji wa Kiitalia waliipenda kwa sababu ya kueleweka: watu wao 11 waliuawa na umati New Orleans mwaka 1891, wakataka nao wahesabiwe kuwa wananchi. Lakini mji wa Berkeley uliigeuza Siku ya Wenyeji mwaka 1992, na miji mingi ikafuata. Venezuela tangu 2002 wanaiita Siku ya Upinzani wa Wenyeji. Argentina tangu 2010, Siku ya Kuheshimu Tofauti za Utamaduni. Tarehe moja, ila kila jina linaamua nani alikuwa mwenyeji na nani mgeni.

Sisi Burundi hatuna sikukuu ya msafiri yeyote. Oktoba yetu ni ya tarehe 13, siku aliyouawa Mwanamfalme Rwagasore mwaka 1961, kando ya ziwa hilihili.

Kiswahili chenyewe kina la kusema. Vitabu vya historia vya Tanzania huwaita watu hawa "wapelelezi", neno lile lile la anayechungulia mambo ya watu. Mimi naona limekaa vizuri kuliko "wavumbuzi".

Nilitaka basi tangazo limtaje Said bin Majid, mfanyabiashara wa Ujiji aliyewaazima mtumbwi wa safari ile. Muislamu mwenzetu! Nikajizuia. Biashara ya Ujiji ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watumwa pia, na waliobebeshwa mizigo hawakuandikwa kwenye jiwe lolote. Suratul Hujurat inatukataza kuitana kwa majina mabaya, na aya ya 13 inasema tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Kumpa mtu sifa asiyostahili kwa sababu tu ni wa kwetu, hilo nalo si kujuana.

Ikumbukwe pia kwamba hapo Mugere sipo Stanley alipomkuta Livingstone. Walikutana Ujiji, huku walipita wakienda kutazama mto Rusizi, wakaona unaingia ziwani wala hautoki. Wavuvi wa kaskazini wangewaambia bila kupiga kasia.

Tangazo jipya liliandikwa: ZIARA YA MUGERE. NAULI NA CHAKULA JUU YAKO. Babu alilisoma, akauliza kama gari lina nafasi.