Mke Akiondoka Nyumbani, Je, Anapoteza Matunzo?

Safari hii kona yetu ya sheria inakwenda India. Swali ni hili: mke wa Kihindu akiondoka kwa mumewe kabla ya talaka, mume bado anawajibika kumtunza? Wengi hujibu haraka, "Si ameondoka mwenyewe!" Sheria haisemi hivyo.

Kwanza tusichanganye maneno. Mhindi ni mtu wa India, awe wa dini yoyote. Mhindu ni muumini wa dini ya Kihindu. Ila sheria za Wahindu huko zinawahusu pia Wabudha, Wajaini na Masingasinga.

Mke ana njia tatu:

1. Sheria ya matunzo ya 1956, kifungu cha 18. Anaweza kuishi mbali na mumewe na bado akadai matunzo, mradi awe na sababu: ametelekezwa, anafanyiwa ukatili, mume ana mke mwingine, ana hawara, au amebadili dini. Lakini mke mwenyewe akizini au akiacha Uhindu, haki hii inamtoka.

2. Sheria ya ndoa ya 1955. Kesi ya talaka au ya kutengana ikiwa bado mahakamani, kifungu cha 24 kinamruhusu asiye na kipato cha kutosha kuomba fedha za kujikimu na gharama za kesi. Kifungu cha 25 kinahusu matunzo ya kudumu, kwa mwezi au kwa mkupuo. Hapa hata mume anaweza kuomba.

3. Kwa hakimu. Njia hii ni ya wake wa dini zote wasioweza kujikimu. Ilikuwa kifungu cha 125 cha sheria ya 1973. Tangu Julai 1, 2024 ni kifungu cha 144 cha sheria mpya. Zamani kikomo kilikuwa rupia 500 kwa mwezi, kikaondolewa 2001. Mume akikaidi amri anaweza kufungwa.

Hapo kwa hakimu pana mtego. Wawili wakikubaliana tu kuishi mbalimbali, mke hapati kitu kwa njia hii. Yaani yale maneno ya "tumeachana kwa amani" yanaweza kumgharimu.

Mwaka 2020, katika kesi ya Rajnesh na Neha, Mahakama ya Juu iliagiza pande zote mbili zitaje mali na kipato kwa kiapo, na matunzo yahesabiwe tangu siku ya kuomba, si siku ya hukumu. Kwa hiyo kesi ikivuta miaka, mke hapotezi miezi hiyo. Anayopoteza ni ile aliyokaa kimya kabla ya kuomba.

Kwa Wahindu wa Kenya mambo ni tofauti: sheria yao ya ndoa ya 1960 ilifutwa, na sasa wanafuata Sheria ya Ndoa ya 2014 pamoja na Wakenya wengine.

Basi, ukisikia mke kaondoka, uliza mambo mawili: ameondoka kwa sababu gani, na je, ameshapeleka ombi?