Ahadi Ni Deni: Somo juu ya Serikali Inayoaminiwa na Watu

Neno demokrasia twalisikia mara nyingi, na maana yake ni utawala wa watu wenyewe kwa njia ya kura. Lakini kupiga kura ni kazi ya siku moja tu. Kinachoushika utawala huo usianguke ni imani: mtu aamini ya kuwa kura yake itahesabiwa kwa haki, na ya kuwa aliyechaguliwa hatamsahau aliyemchagua. Imani hii haipatikani kwa amri, wala kwa maneno matamu. Basi, hujengwaje? Katika somo hili tutaitazama nchi moja ya Afrika, yaani Botswana, maana habari zake ni za miaka mingi, nazo zina mafunzo ya kutia moyo na mafunzo ya kuonya pia.

1. Nchi maskini yenye desturi njema

Botswana ilipata uhuru tarehe 30 Septemba 1966. Kabla ya hapo iliitwa Bechuanaland, ikatawaliwa na Waingereza, nao kwa miaka mingi hawakuijengea hata mji mkuu. Ofisi kuu zilikuwa Mafeking, nje ya mipaka yake, katika nchi ya Afrika Kusini. Mji wa Gaborone ulijengwa kwa haraka uhuru ulipokaribia. Nchi hiyo ina ukubwa yapata sawa na Kenya, lakini barabara zake za lami zilikuwa kilometa 12 hivi tu. Tena ukame mkali ulikuwa umeua ng'ombe wengi, na ng'ombe ndio waliokuwa mali ya watu.

Lakini Watswana walikuwa na desturi moja ya thamani. Tangu zamani kila mji una baraza lake, liitwalo kgotla, ambapo mfalme hukaa pamoja na watu wake kuyasikiliza mambo kabla ya kuyakata. Wana mithali isemayo ya kuwa mfalme ni mfalme kwa watu wake. Zamani wanawake hawakuwa na nafasi ya kunena huko kama wanaume. Baadaye nafasi hiyo wakaipata. Serikali mpya haikuivunja desturi hii. Mawaziri na maofisa walikwenda barazani kueleza mipango yao, wakasikia manung'uniko kwa masikio yao wenyewe. Hapa twapata fundisho la kwanza: mtu aliyesikilizwa kabla ya shauri kukatwa hulipokea kwa urahisi zaidi, hata kama hakupata yote aliyoyataka.

2. Mali ya wote irudi kwa wote

Rais wa kwanza alikuwa Seretse Khama, mzaliwa wa ukoo wa wafalme wa Bangwato. Mwaka 1967 almasi zikavumbuliwa mahali paitwapo Orapa, katika nchi ya Bangwato hao hao. Mtu mwingine angaliweza kusema, "Hii ni mali ya kabila langu." Lakini mwaka uo huo sheria ikawekwa ya kuwa madini yawe mali ya taifa zima, wala si ya kabila moja. Mgodi ulifunguliwa mwaka 1971. Mwanzoni serikali ilikuwa na sehemu ndogo tu katika kampuni ya mgodi. Ikajadiliana tena na wenye mtaji, na mwaka 1975 ikapata nusu.

Fedha hizo zilitumiwa kwa utaratibu. Kila baada ya miaka kadhaa serikali iliandika mpango wa maendeleo, ukapelekwa Bungeni, na kazi isiyokuwamo katika mpango haikuruhusiwa kutumia fedha ya umma bila idhini ya Bunge. Hivyo zikajengwa barabara, shule, zahanati na visima. Katika ukame wa miaka ya 1980, wakati wa Rais Quett Masire, chakula kiligawiwa kwa watoto, na watu wazima wakapewa kazi za ujira za kutengeneza barabara na malambo. Tena ugonjwa wa UKIMWI ulipowaangamiza watu wengi, serikali ya Rais Festus Mogae ilianza mwaka 2002 kuwapa wagonjwa dawa bila malipo. Twasema, ahadi ni deni. Mama aliyeahidiwa kisima, akakiona kisima, huyo hana haja ya kuhubiriwa juu ya faida ya kura.

3. Kosa lisifichwe

Lakini tusidhani ya kuwa watawala wa Botswana walikuwa bila waa. Mwaka 1991 tume ilichunguza ugawaji wa viwanja karibu na Gaborone, ikaona udanganyifu. Na mwaka 1992 Makamu wa Rais na waziri mwingine wakajiuzulu. Mwaka 1994 ikaundwa idara maalum ya kupambana na rushwa. Katika uchaguzi wa mwaka huo chama cha upinzani kilipata viti 13 kati ya 40, na serikali ikatambua ya kuwa watu wameanza kunung'unika. Mwaka 1997 katiba ikarekebishwa: Rais asitawale zaidi ya miaka 10, tume huru ya uchaguzi iwekwe, na vijana wa miaka 18 wapige kura, ambapo kwanza ilikuwa miaka 21.

Tena mwaka 2006 Mahakama Kuu iliamua ya kuwa Wasani walioondolewa katika mbuga ya Kalahari ya Kati waliondolewa kinyume cha haki. Wasani ni watu wachache na maskini, lakini waliishtaki serikali wakashinda. Ni kweli ya kuwa si yote waliyoyataka yalitimizwa baada ya hukumu. Hata hivyo twaona ya kuwa mlango wa mahakama ulikuwa wazi kwa mnyonge.

4. Jaribu lililo kubwa

Sasa tufike kwenye swali lililo gumu. Chama kimoja, kile cha Seretse Khama, kilishinda kila uchaguzi tangu ule wa kwanza wa mwaka 1965. Je, watu waliiamini demokrasia, au walikizoea chama tu? Utulivu wa miaka mingi hauwezi kutujibu, maana hata maji yaliyotuama huwa matulivu.

Jibu lilikuja mwaka 2024. Biashara ya almasi ilikuwa imeshuka, na vijana wengi hawakuwa na kazi. Tarehe 30 Oktoba wananchi walipiga kura, na chama kilichotawala tangu uhuru, yaani miaka 58, kikapata viti 4 tu kati ya 61. Rais Mokgweetsi Masisi alikubali kushindwa hata kabla hesabu zote hazijakwisha, na tarehe 1 Novemba Duma Boko akaapishwa. Hakuna jeshi lililotoka kambini, wala damu iliyomwagika.

Hapo twaweza kupambanua mambo mawili. Maendeleo ndiyo yaliyowafundisha watu kuiamini serikali. Lakini fedha zilipopungua, imani haikufa pamoja nazo, kwa kuwa ilikuwa imeota mizizi katika sheria na katika kura. Serikali inayojenga barabara na kukataa kuondoka imelipa nusu ya deni tu. Na serikali inayochaguliwa vizuri bila kuwatunza watu, nayo imelipa nusu. Wananchi hudai yote mawili, na wana haki ya kudai.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni mashauri gani yanayokatwa kabla ya watu kusikilizwa?
2. Twajuaje fedha tulizochanga, au kodi tuliyolipa, zimefanya kazi gani? Nani hutusomea hesabu, na sisi twahudhuria siku hiyo?
3. Kiongozi aliyefanya mema mengi akikataa kuondoka wakati wake ukiisha, tumwambie nini?
4. Na sisi tulio na uongozi mdogo, wa chama cha ushirika, wa shule au wa nyumba, je, huondoka kwa hiari tukishindwa?