Somo: Mikanda ya Kushikiza Mfarishi kwenye Godoro la Kambi



Ndugu zangu, jumuiya ikitangaza kambi, swali la kwanza la wanafunzi wapya huwa ni baridi. Wengi huja na blanketi moja. Nusu wanailalia, nusu wanajifunika, na ikifika saa nane usiku wameketi wakingoja alfajiri. Kambi inayofuata hawaji. Somo hili ni kwa ajili yao, na kwa yeyote mwenye mfarishi aliojishonea unaomteleza usiku.

Sisi wa Bugolobi tumezoea usiku wa Kampala, mji ulio kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Lakini Kabale imepita mita 1,800, na kilele cha Wagagai katika Mlima Elgon kina mita 4,321. Huko nguo za kulalia zinazotosha hapa hazitoshi.

Joto linapita wapi

Mfarishi hauzalishi joto. Unazuia hewa iliyopashwa na mwili wako isiondoke, na hewa hiyo imekaa katikati ya nyuzi za ujazo wake. Ukiulalia, uzito wako unazibana nyuzi, hewa inatoka, na kinachobaki ni kitambaa tu. Ndiyo sababu mfarishi wa kambi hauhitaji upande wa chini. Kazi ya chini ni ya godoro, na mfarishi unafunika juu na ubavuni.

Hatari yake ni moja: ukigeuka, ukingo unanyanyuka, hewa ya moto inatoka na ya baridi inaingia. Mikanda inazuia hilo kwa kuushikiza mfarishi kwenye godoro. Usiufunge kwenye mwili wako. Godoro halitembei usiku, wewe unageuka.

Vifaa

Vipimo hivi ni vya godoro la sponji lenye upana wa sentimita 50 na unene wa 5, na mfarishi wenye upana wa sentimita 130. Unahitaji:

- ukanda wa nailoni wa upana wa sentimita 2, vipande viwili vya sentimita 130 kila kimoja;
- bizimu mbili za plastiki, hata za begi la shule lililochakaa;
- lastiki bapa, sentimita 80;
- vifungo vinne vikubwa vya koti, na vinne vidogo vya kuviegemeza upande wa pili;
- viraka vinane vya kitambaa kigumu, sentimita 5 kwa 5;
- uzi imara, sindano na mshumaa.

Vitambaa na lastiki utavipata Kiyembe, na makoti ya mitumba ya kutolea vifungo yamejaa Owino. Kama huna cherehani, fundi yeyote wa sokoni atakushonea mikanda. Vifungo shona mwenyewe kwa mkono.

Mikanda

Mzunguko wa godoro hilo ni sentimita 110, na 20 zinazobaki ni za kukazia. Choma ncha za ukanda kidogo kwa moto wa mshumaa zisifumuke, kisha shona bizimu kwenye ncha moja.

Kata lastiki vipande vinane vya sentimita 10. Kunja kila kimoja katikati na ushone ncha zake mbili kwenye ukanda, upate kitanzi. Kila mkanda uwe na vitanzi vinne upande wa juu: viwili kwenye kingo za godoro, na viwili vilivyoingia ndani sentimita 12. Vya kingo ni vya usiku wa kawaida. Vya ndani vinauvuta mfarishi ukuzibe ubavuni usiku wa baridi kali.

Kwa nini lastiki? Ukigeuka kwa nguvu, inanyumbuka kisha inarudi. Uzi mkavu ungechana kitambaa.

Vifungo

Lala juu ya godoro, jifunike, na mwenzako atie alama za chaki kwenye kingo za mfarishi, usawa wa kwapa na usawa wa nyonga. Zangu ziko sentimita 40 na 85 kutoka ukingo wa juu. Zako zitafuata kimo chako. Usiweke mkanda wala kamba karibu na shingo.

Kwenye kila alama shona kiraka ndani na kingine nje, juu ya pindo lenyewe. Usipitishe mshono katikati ya ujazo, maana kila mahali ulipobana ujazo panakuwa dirisha la baridi. Pitisha uzi kwenye nta ya mshumaa, shona kifungo kikubwa nje na kidogo ndani, na uache shina la uzi la milimita 4 ili kitanzi kipate nafasi ya kukaa.

Jaribio

Jaribu nyumbani kwanza. Sakafu ya saruji wakati wa masika inatosha kukupa jibu. Funga mikanda bila kuikaza mno: kingo za godoro zikijikunja, legeza. Lala chali, lala ubavu, geuka mara kumi. Ukihisi upepo mgongoni, hamia kwenye vitanzi vya ndani. Ukiamka kwa tahajudi, fungua vifungo viwili vya upande mmoja tu, na ukirudi kitanda kiko tayari.

Tunaosoma tafsiri tunaijua aya ya 80 ya Sura an-Nahl. Inataja nyumba za ngozi zilizo nyepesi siku ya safari na siku ya kutua, kisha sufu, manyoya na nywele za wanyama kuwa vyombo vya matumizi. Vifaa vya msafiri vimehesabiwa humo miongoni mwa neema, na neema hutunzwa.

Basi ukimaliza wako, shona seti ya pili umwekee mwanafunzi mpya. Na kambini chukua sindano, uzi na kifungo kimoja cha akiba. Daima yupo mtu ambaye chake kimekatika.

Wabillahi tawfiq.