Drafti Baada ya Ugali

Kumbukumbu la Torati 6:7 inamtuma mzazi afundishe watoto nyumbani, njiani, wakati wa kulala na wa kuamka. Mstari haujataja kanisa! Kwangu darasa ni drafti ya vifuniko vya soda. Binti yangu wa miaka 9 hunishinda, mama yake akimshangilia. Juzi, akila kete zangu, akauliza kama Mungu amemkasirikia baba ya rafiki yake aliyefutwa kazi. Kwa ibada ya dakika 5, mimi nikisoma yeye akisinzia, hangeuliza hivyo. Baba, wiki hii weka simu kando jioni moja, mcheze. Sisi tuliongea juu ya Ayubu mpaka saa tatu. Kesho yake tukawapelekea unga.