MTOTO WAKO NA DAFTARI LA BIOLOJIA: JE, KUMTOA MASOMONI NI KUMLINDA?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote ni za Allah, Bwana wa viumbe vyote, aliyemfundisha mwanadamu yale asiyoyajua. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ninajiusia mimi mwenyewe kwanza, kisha ninyi, tumche Allah.

Somo letu la Ijumaa hii limetoka katika jambo lililotokea hapa kwetu. Baba mmoja wa jamaa hii alikuja kwangu baada ya sala ya alasiri. Alikuwa amewatoa watoto wake watatu masomoni. Mkubwa wao ni msichana, yuko kalasi ya tatu ya umanite, upande wa biolojia na kemia, na kila mwaka hurudi nyumbani na pointi nzuri. Baba akaniwekea daftari mkononi, akasema: "Mwalimu, tazama mambo wanayomwandikisha mtoto wangu. Wanasema mtu ametokana na wanyama. Kuanzia leo watasoma nyumbani, Kurani peke yake. Ninamlinda na moto."

Sikumcheka, wala sikumkemea. Allah ametuamuru katika sura At-Tahrim, aya ya 6, tujilinde sisi na watu wa nyumba zetu na moto. Baba yule alikuwa anatafuta kutii amri hiyo. Swali letu leo ni moja: je, njia aliyoichukua inamlinda mtoto kweli?

1. Tumekwisha kupita njia hii

Wazee wa Maniema wanajua habari hii. Mwaka 1906 Serikali ya Mfalme Leopold ilipatana na Vatikani, na kazi ya kusomesha ikawekwa katika mikono ya misheni. Kwa miaka mingi mtoto aliyetaka kalasi alipaswa kupita mlango wa misheni. Mashule ya Serikali ya laiki, yasiyo ya misheni, kwa watoto weusi yalianza mwaka 1954 tu, miaka sita kabla ya uhuru. Babu zetu waliogopa watoto wao wasibatizwe, wakawaficha nyumbani na kwenye vyuo vya Kurani. Hofu yao ilikuwa na msingi, hatuwalaumu. Kwa sababu yao dini imetufikia.

Lakini tuseme na upande wa pili. Uhuru ulipofika mwaka 1960, Mwislamu mwenye dipolome alikuwa wa kutafutwa kwa taa. Ofisini hatukuwemo, hospitalini hatukuwemo, kwenye korti hatukuwemo. Tulilinda kitu kikubwa, na tukalipa bei kubwa.

Mimi ni mmoja wa waliolipa. Baba yangu, Allah amrehemu, alinipeleka chuoni tu. Namshukuru kwa kila herufi. Lakini usiku mmoja mtoto wangu alikuwa na homa kali, wakanipa dawa ya maji na karatasi ya Kifaransa. Nilikuwa naweza kusoma Kurani nzima, ila karatasi ile sikuweza. Nikampa mtoto vijiko vingi kupita kipimo. Jirani yetu, kijana wa sekondari, ndiye aliyekuja kusoma na kunizuia. Mtoto alipona kwa rehema ya Allah. Tangu usiku ule sijamwambia mzazi yeyote kwamba elimu ya shule haina kazi.

2. Mtume, rehema na amani zimfikie, alitufundisha nini?

Neno la kwanza la wahyi, katika sura Al-Alaq, ni amri ya kusoma. Katika sura Twaha, aya ya 114, Allah amemfundisha Mtume wake aombe azidishiwe elimu. Na katika sura Fatir, aya ya 27 na 28, Allah anataja mvua, matunda, milima yenye rangi mbalimbali, watu na wanyama, kisha hapo hapo anawataja wenye elimu kuwa ndio wanaomcha. Ona elimu hiyo imetajwa pamoja na vitu gani!

Wengi hupenda kutaja maneno ya kutafuta elimu hata China. Wanazuoni wa hadithi wamesema isnadi yake ni dhaifu, basi hatuyategemei. Tunayo yaliyo sahihi. Chukueni mawili.

La kwanza: mwaka wa kumi wa Hijra alikufa Ibrahim, mtoto mchanga wa Mtume, na siku ile jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa kifo chake. Mtu mwongo angenyamaza apate sifa. Lakini Mtume, pamoja na huzuni yake, aliwasahihisha: jua na mwezi ni alama mbili za Allah, hazipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Kisha akawasalisha. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim. Basi alikata uongo juu ya jua, na hapo hapo akamwabudu Muumba wa jua.

La pili: imo katika Sahihi Muslim kwamba aliwakuta watu wa Madina wanapandikiza maua ya mitende, akaona huenda si lazima. Wakaacha, mavuno yakapungua. Akawaambia kwamba katika mambo ya dunia yao wao ni wajuzi zaidi. Kama Mtume wa Allah amewapa wakulima haki ya ujuzi wao wa mitende, sisi ni nani tumnyime daktari haki ya ujuzi wake wa damu?

3. Imam Al-Ghazali na rafiki mjinga wa dini

Imam Al-Ghazali alifariki mwaka 1111. Hakuna anayeweza kumwita mtu wa kupenda wanafalsafa, maana aliandika kitabu kizima cha kuwapinga. Hata hivyo katika Al-Munqidh alionya juu ya rafiki mjinga wa Uislamu: mtu anayedhani anaisaidia dini kwa kukataa kila elimu ya wengine, mpaka anakataa hesabu ya kupatwa kwa jua. Anayeijua hesabu ile kwa hakika akimsikia, hatatilia shaka hesabu yake. Atatilia shaka dini.

Na katika Ihya amesema utabibu na hesabu ni faradhi ya kutosheleza. Maana yake, wakikosekana kabisa watu wa kuifanya, mji wote una dhambi. Alilalamika kwamba kuna miji isiyo na tabibu Mwislamu, na watu wamejazana kusoma fikihi. Ndugu zangu, maneno hayo yana zaidi ya miaka 900. Je, si kama anatuona sisi?

Tena kumbukeni Al-Khwarizmi wa Baghdad, aliyeandika kitabu cha aljebra karne ya tisa. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni hesabu za mirathi na wasia. Na Ibn al-Shatir wa karne ya 14, mtu wa nyota, kazi yake ilikuwa kuweka nyakati za sala katika msikiti mkubwa wa Damascus. Hesabu na nyota zilikuwa ndani ya msikiti, hazikuwa adui wa msikiti.

4. Wenzetu wa nchi nyingine

Mjadala huu hauko kwetu tu. Huko Marekani, mwaka 1925, jimbo la Tennessee lilikataza kufundisha katika mashule yake kwamba mtu ametokana na wanyama, na mwalimu John Scopes akahukumiwa kulipa faini ya dola 100. Hukumu ile ilifutwa mwaka 1927 kwa kosa la utaratibu, na sheria yenyewe ikaondolewa mwaka 1967. Baadaye Wakristo wengi wa huko wakaanza kusomesha watoto nyumbani, na kufika mwaka 1993 jambo hilo liliruhusiwa katika majimbo yote 50.

Tuwe waadilifu: wako wazazi wanaosomesha nyumbani vizuri sana, na si wote wanafanya kwa sababu ya dini. Shida iko mahali pengine. Chuo Kikuu cha California kilikataa kukubali baadhi ya masomo ya mashule ya Kikristo ya binafsi, yakiwemo ya biolojia yaliyotegemea vitabu vya dini. Mashule yakashitaki mwaka 2005. Yakashindwa mwaka 2008, na tena kwenye rufani mwaka 2010. Wakubwa ndio waliochagua kitabu, lakini mtoto ndiye aliyefika mlangoni pa chuo kikuu akaambiwa somo lako halihesabiwi.

Ufaransa wamekaza zaidi. Kwa sheria ya tarehe 24 Agosti 2021, mzazi hawezi tena kusomesha nyumbani kwa kutoa taarifa tu, lazima aombe ruhusa. Na hapa kwetu? Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inampa mzazi haki ya kuchagua namna ya malezi ya watoto wake. Lakini kifungu hicho hicho kinasema primeri ni ya lazima. Haki na wajibu vimekaa pamoja. Hata kijana aliyejisomea mwenyewe nyumbani, yule wanayemwita otodidakti, akitaka dipolome atakaa mbele ya mtihani ule ule wa Serikali.

5. Ndani ya daftari lile mna nini?

Nilimwomba baba yule tufungue daftari tangu ukurasa wa kwanza. Tulikuta habari za mikrobi na kipindupindu. Tulikuta habari za damu. Tukafika ukurasa wa ugonjwa wa SS. Mtoto alikuwa amechora: baba AS, mama AS, basi kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto SS. Baba akanyamaza. Yeye na mkewe wamekwisha kuzika watoto wawili, na watu walikuwa wakitaja jina la shangazi mmoja mzee kuwa ndiye mchawi. Siwezi kusema watoto wale walikufa kwa SS, maana hawakupimwa. Lakini yule shangazi amebeba jina lile miaka yote, na kipimo cha damu kingeweza kutuambia ukweli.

Ukurasa uliomtisha ulikuwa mmoja. Akimtoa mtoto kwa ajili ya ukurasa huo, anamtoa pia kwenye kurasa zote hizi.

Tusisahau Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Wengi walikataa kuamini, wakaosha maiti kwa mikono yao, wakaambukizwa. Aliyejua mikrobi ni nini alikuwa na nafasi ya kuokoa jamaa yake.

6. Na ukurasa ule wenyewe?

Sisi tunaamini kwamba Allah alimuumba Adamu kwa udongo. Hatufichi wala hatuoni haya. Wanasayansi wanaeleza kwa dalili za mifupa na za urithi wa damu, na wanazuoni wa Kiislamu wa leo wanajadiliana juu ya dalili hizo. Mtoto asiambiwe kwamba mwalimu wake ni mwongo au kafiri. Aambiwe hivi: andika unalofundishwa, lifahamu vizuri, lieleze katika mtihani. Kueleza maneno ya watu si kukiri imani. Imani yake ataijenga kwa kujua, si kwa kufungiwa. Mtoto ambaye hakuwahi kusikia swali, siku atakapolisikia mbali na wewe atakuwa peke yake.

7. Tufanye nini?

(a) Asubuhi masomo, jioni chuo. Tangu Septemba 2019 primeri za Serikali zimetangazwa kuwa bure. Anayebaki na mtoto nyumbani ajiulize sababu yake.

(b) Mzazi afungue daftari la mtoto kila juma. Asiyejua kusoma amwambie mtoto amsomee.

(c) Swali likizidi nguvu zako, lilete msikitini. Tunao hapa walimu na mainfirmiye Waislamu. Nimewaomba wakae nasi kila Jumamosi baada ya alasiri.

(d) Ingia katika komite ya wazazi. Kifungu cha 45 cha Katiba kinaruhusu shule kumpa mtoto mafundisho ya dini yake kama wazazi wakiomba. Tusipoomba, nani atatuombea?

(e) Anayesomesha nyumbani kwa shida ya njia au ya mali, afundishe programu yote, hesabu na biolojia ndani, na amwandikishe mtoto kwenye mtihani.

(f) Msitoe wasichana kwanza. Tunataka wake zetu wazalishwe na wanawake wenzao, lakini tunawakataza mabinti wasisome kazi hiyo. Watatoka wapi?

Baba yule alirudi nyumbani na daftari mkononi. Jumatatu msichana alivaa tena nguo za bluu na nyeupe. Wadogo zake wawili bado wako nyumbani, na mimi na baba yao bado tunaongea. Mwombeeni, na msimnyoshee kidole. Kati yetu wako wengi kama yeye wasiokuja kuuliza.

Ee Allah, tupe elimu yenye manufaa, na utukinge na elimu isiyonufaisha. Walinde watoto wetu katika dini yao, akili zao na miili yao. Warehemu wazee wetu waliotuhifadhia Kurani. Ipe nchi yetu ya Kongo amani, mashariki na magharibi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Karatasi hii ina majina ya Allah. Ukimaliza kusoma mpe jirani, usiitupe chini.)